Mashahidi wa Matusi ya Fathi

Jumatatu, 4 Machi 2019
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta. Jana nilikuwa naenda kumpaka bibi harusi hina, Fathi wa duka la matairi akanisukuma — sinia kule, hina yote barabarani. Kisha akaniita mtumwa, neno wanalotuitia sisi weusi hapa. Mbele ya watu! Mkono unauma, lakini lile neno ndilo lililoniliza.

Alhamisi, 14 Machi
Hajar, wakili wangu, anasema sheria mpya ya kupinga ubaguzi wa rangi ipo. Hakimu akiridhika kwamba alinifanyia vile kwa sababu ya weusi wangu, kifungo kinakuwa kizito. Asiporidhika, ni ugomvi wa mtaani tu. Fathi anaapa hana ubaguzi. Eti yeye huwatukana wote sawasawa. Mtaa mzima unacheka. Mimi sicheki, maana ni kweli.

Jumamosi, 6 Aprili
Fathi anapita nyumba kwa nyumba akitafuta mashahidi aliowahi kuwatukana. Amepata kumi na mmoja. Mama mkwe wake ndiye wa kwanza kujiandikisha.

Jumanne, 9 Aprili
Mahakamani. Sijawahi kuona watu wakijivunia matusi hivyo. Mtu wa posta aliitwa punda. Kwa nini? akauliza hakimu, mama mmoja wa miwani. Alichelewesha barua. Mwadhini aliitwa kunguru, aliadhini kabla ya saa. Mama mkwe, nyoka.
“Nilimshauri binti yangu amwache, Mheshimiwa. Na bado namshauri.”
Fathi akatabasamu. Mimi nikakata tamaa kabisa.
Hakimu akafunga faili. Akamwambia Fathi, hawa wote uliwatukana kwa walichofanya. Huyu Mbarka alifanya nini?
Fathi akatazama dari. Akatazama viatu. Akaomba muda. Kapewa wiki moja.

Alhamisi, 11 Aprili
Salwa, mke wa Fathi, yuko sebuleni. Kaja na sahani ya vitumbua vya tende.
“Dada Mbarka, hebu kumbuka, hata kosa dogo tu. Hujawahi kumwaga maji mbele ya duka?”
“Sijawahi.”
“Kuku wako je?”
“Sina kuku, Salwa.”
“Basi salamu. Hukumnyima hata siku moja?”
Miaka ishirini na miwili, kila asubuhi, mimi ndiye ninayeanza kumsalimia. Nimekimbilia jikoni eti nachemsha chai, naandika juu ya friji. Nina hasira, na nacheka. Ananiita. Anasema haondoki mpaka nikumbuke.