Isale Lililokaa Friji

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Baba, miguu inamruhusu kutoka hadi getini siku hizi? Sisi ni wazima wa mwili. Simu zenu nimeziona zote na sikupokea. Usimlaumu mkweo Baraka, yeye alinisukuma sana nipokee. Ila simu yako Mama naijua, ukishasema haloo tu unaweka sauti kubwa ili Baba asikie, na haya sikutaka ayasikie kabla yako. Ndiyo maana nimeandika, na bahasha nimempa dada mmoja tunayesali naye hapa Kanada, anayekuja Arusha likizo. Isome ukiwa jikoni.

Tumefika kwa Baba Mdogo.

Nianze na safari. Kutoka kwetu hadi kwake ni kama utoke Arusha uende Songea halafu urudi, na njiani hakuna pa kununua hata hindi la kuchoma. Tuliondoka asubuhi jua limewaka, theluji inachuruzika kwenye mapaa, Baraka amefungua dirisha anaimba mapambio. Mchana ikaja mvua. Haijaisha ikageuka barafu, malori yakaanza kulala pembeni ya barabara, askari wakatugeuza tukalale kwenye kimji ambacho hata jina lake sikulishika. Kesho yake jua tena, mpaka nikavua koti. Saa sita theluji, hatuoni hata pua ya gari letu. Ni Machi ileile ya huko, Mama, unauona Mlima Meru uko wazi unaanika nguo, hujamaliza kubana vibanio unaanza kuanua. Tofauti ni kwamba huku unaweza kufa.

Baraka akaniuliza, macho barabarani, "Huu ndio mwezi tuliokuwa tunausubiri?"

Lile isale, jani letu la kuombea msamaha, nilikuwa nimelipakata, limefungwa kwenye kitenge chako.

Unakumbuka Baba alivyokwenda mwenyewe hadi kihambani kwenye migomba kulikata, na miguu yake ile, akalifunga fundo, akanikabidhi pale sebuleni kwetu Sakina siku naondoka. "Mimi ndiye mkubwa, lakini ndiye niliyekosa. Mpelekee mdogo wangu." Ulilia, nami nikalia. Nani aliwahi kuota kwamba Baba angeyajutia yale maneno ya kwenye msiba wa Bibi, kumwambia mdogo wake mbele ya watu kwamba amekuja kula tu? Baba Mdogo aliondoka hata kaburi halijachimbwa, na toka siku ile hawakusalimiana.

Isale lilifika huku bado kijani. Nikaliweka friji lisikauke. Baraka akaniambia palepale, "Mke wangu, isale haliwekwi friji. Hata sisi Wameru, hiki kitu ukitumwa unaenda." Nikamwambia ngoja baridi ipungue, barabara mbaya. Na Baba, kila Jumapili mkitoka kanisani, akiniuliza kama nimefika kwa mdogo wake, nikamjibu hivyohivyo, barabara mbaya.

Mama, barabara hazikuwa mbaya kiasi hicho. Januari kulikuwa na wiki nzima kavu, na tuliendesha mbali vilevile, upande mwingine, kwenye harusi ya rafiki yangu wa kazini. Nilicheza mpaka nikavua viatu. Isale liko nyumbani kwenye friji, pembeni ya mayai. Ukweli nilimwogopa Baba Mdogo. Niliogopa atanikatalia mlangoni, halafu mimi ndiye nipige simu kumwambia Baba. Nikaona bora lisubiri. Najionea aibu kuandika hivi.

Aliyetufungulia mlango ni Mama Mdogo, yule mke wake wa kizungu uliyemwona kwenye picha tu. Kabla hata sijajitambulisha akaniuliza, "Wewe ndiye wa jani?"

Kumbe habari zilishamfikia Baba Mdogo. Mtu wa huko nyumbani alimdokeza kwamba kaka yake amemtumia isale, na mimi ndiye ninalo. Mama Mdogo anasema toka Novemba, kila Jumamosi, mumewe alikuwa anavaa shati la kutokea na kukaa kwenye dirisha la barabarani. Alimwambia, "Mtu akija na jani, usimwache amesimama nje." Theluji ikianguka anasema, leo hawatakuja. Ikikatika anavaa tena lile shati.

Februari akapata kiharusi. Upande wa kulia umekufa, kauli imekwenda. Hata kama anatambua watu, madaktari hawana hakika.

Ningekwenda Januari angenifungulia mlango mwenyewe. Hilo nimelibeba njia nzima ya kurudi, na Baraka, Mungu ambariki, hakunikumbusha hata mara moja.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Isale lilikuwa limeshakuwa na rangi ya chai. Nikasema yote kama Baba alivyonituma, kwa Kichaga, kwamba kaka yako anasema alikukosea kwenye msiba wa mama yenu, anakuomba umsamehe. Akalitazama. Akalitazama sana. Mama Mdogo kwa wema wake akamshika mkono wa kushoto, ule mzima, ausogeze kwenye jani. Baba Mdogo akauchomoa kwa nguvu. Nikajua amekataa. Baraka akageukia dirishani.

Halafu kwa ule mkono wa kushoto akauinua wa kulia. Akauweka mapajani, kiganja juu. Akaanza kukunjua vidole, kimoja kimoja, vinajikunja anavikunjua tena. Alipomaliza akanitazama mimi. Mama Mdogo hakuelewa kinachoendelea, alikuwa anauliza kwa nini anajitesa na mkono mzima upo.

Baraka ndiye aliyesema, taratibu, "Anataka kulipokea vizuri. Liweke."

Nikaliweka.

Nisalimie kaka mkubwa na wifi na watoto wao, na Shangazi wa Kaloleni, mwambie sweta zake ndizo zilizotufikisha. Mama mkwe kule Tengeru mpe shikamoo yetu wote wawili.

Na sasa nakuomba kitu, Mama. Kata isale pale nyuma ya tangi la maji, umpelekee Baba kwa niaba yangu. Mweleze habari ya Januari na ile harusi, usinifiche. Mpe leo hiihii, usingoje kesho.

Akishalipokea atakuuliza mdogo wake alisema nini. Mwambie hakusema kitu. Mwambie alipokea kwa mkono wa kulia.

Ni mimi binti yako mliyemtuma,
Eliwaza