Mashine ya Elipidius

Jumamosi, 15 Aprili 2023

Leo nimeitoa mashine stoo. Sijaigusa tangu tumzike mume wangu Elipidius kule Muleba. Buibui wamejenga humo mtaa mzima! Lakini mvua za safari hii zimenishinda. Majani yamefika magotini, na juzi nyoka kapita mbele ya mlango wa jikoni.

Fyekeo sikutaka. Elipidius alizipanda nyasi hizi kwa mikono yake, akaagiza mashine ya kuzikata kutoka Mwanza, na Rubwera yote ikamcheka — bwana mifugo kaacha ng'ombe, anafuga majani!

Nimevuta kamba ya kuwashia mpaka bega likauma. Wapi. Nikakumbuka alivyokuwa akifanya: anafungua plagi ya injini, anaipangusa vizuri, anairudisha. Nikafanya hivyohivyo. Ikakohoa. Moshi mweusi. Halafu — ikanguruma!

Nilipiga kigelegele peke yangu uwanjani. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikakata uwanja wote.

Jumatano, 8 Novemba 2023

Nimeshazijua tabia zake. Asubuhi hataki kuwaka mpaka umpigepige tangi. Gurudumu la kushoto linavutia upande, kama mtu aliyetoka kunywa pombe ya rubisi. Nyasi mbichi hazitaki kabisa, anakabwa. Kumbe naandika "anakabwa," kama mtu! Basi.

Leo kaja Mzee Cleophace, yule mgane mwenye kibanja cha migomba hapo bondeni. Kavua kofia getini. Akauliza, majani nikishakata napeleka wapi? Nikamwambia shimoni. Akashika kichwa.

"Mama Winston! Unatupa chakula cha migomba!"

Ameomba awe anayachukua akatandaze shambani kwake. Nikamwambia achukue tu, mimi nimepunguziwa kazi. Jioni karudi na kikapu cha senene. Wamenyonyolewa mbawa na miguu, wote, safi kabisa. Mwanaume kakaa chini akaninyonyolea senene! Sijawahi kuona.

Jumapili, 17 Machi 2024

Jana nimegonga jiwe. Kisu kimepinda, mashine inatetemeka kama mwenye homa. Nilidhani ndiyo mwisho wake. Cleophace akakifunga kisu kwenye gazeti, akapanda bodaboda mpaka Kayanga kwa fundi. Kalowa mvua kwenda na kurudi. Nilimgombeza, akawa anatabasamu tu.

Leo baada ya ibada Eustadia wa kwaya kanivuta pembeni. Eti, "Dada, majani ya kwako siku hizi yanaota haraka sana." Nikamwambia ni mbolea. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ni kweli nakata kila wiki. Hata pasipo na kitu cha kukata. Naona haya hata kuandika.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Mgongo unauma. Cleophace akasema leo atasukuma yeye. Hajui! Ameacha michirizi kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Nikamwonyesha — usiilazimishe, iache itembee, wewe ifuate. Nikashika mpini, mikono yangu juu ya yake. Tukaenda hivyo mpaka kwenye uzio, tukageuza, tukarudi.

Alisema kitu. Injini ilikuwa inanguruma, sikusikia. Nilipoizima nikamuuliza alisema nini. Akasema ataniambia siku nyingine.

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Siku nyingine imefika. Cleophace anataka kuja rasmi kuniposa, na ndugu zake. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, wote tuna wajukuu. Nikasema kwanza nimwambie mwanangu.

Nimempigia Winston, Bukoba. Nimeeleza yote. Akauliza swali moja tu:

"Na mashine ya baba anasukuma yeye?"

Kumbe kashaambiwa! Nikasema ndiyo, wakati mwingine. Akasema Jumamosi anakuja na gari kuichukua. Haniombi. Ananiarifu.

Yeye ndiye alikuwa akikimbia nyuma ya baba yake kila ilipowashwa, akikanyaga mistari mibichi. Ana haki. Lakini na mimi je?

Jumamosi, 3 Mei 2025

Naandika jikoni, maji ya chai yako motoni.

Winston kafika na pikapu. Shikamoo, marahaba, basi. Hakukaa. Moja kwa moja stoo. Kaikokota mashine mpaka kwenye gari, akajaribu kuinyanyua peke yake, ikamshinda. Mimi nimesimama kibarazani kama mgeni kwangu.

Mara Cleophace getini! Nilimwambia asije leo. Nilimwambia!

Winston kasema shikamoo bila kumtazama. Cleophace kaitikia, kaenda upande wa pili wa mashine, kashika. Wakainua pamoja. Winston akamuuliza, kavukavu, "Mzee, hukasiriki naichukua?"

"Nitaikosa," Cleophace akasema. "Lakini ni ya baba yako. Mimi nimekuja kwa ajili ya mama yako, sikujia mashine."

Mungu wangu. Hivyohivyo, mbele yangu! Winston akabaki anakaza kamba ambayo imeshakazwa.

Halafu mvua. Ya ghafla, kubwa. Winston kakimbilia kibarazani. Cleophace hakukimbia. Kavua koti lake la misa, kaifunika injini, kachomeka pembe zake chini ya kamba, ndipo akaja, shati limeganda mgongoni. Winston alimwangalia tangu mwanzo mpaka mwisho. Wameketi benchi moja. Kutoka hapa sisikii kama wanaongea, bati linapiga kelele.

Winston kaingia sasa hivi. Kasimama karibu na meko, kwa sauti ndogo:

"Mama, huyu mzee chai yake anaweka sukari?"

Nimejibu upesi mno. "Haweki. Tangawizi tu, iwe nyingi."

Kaniangalia. Nimehisi uso wangu unawaka kama msichana. Nimeinamia daftari, najifanya naandika —

Hajarudi kibarazani. Kachukua kinu. Anatwanga tangawizi.