Mama Hajambo

Jumatatu, 9 Juni

Hadubini tangu saa mbili asubuhi. Malaria. Hakuna malaria. Hakuna. Malaria. Mchana nimekula kiporo cha maharage mlemle maabarani, mlango nimefunga. Baridi imeanza kuuma.

Dafrosa, nesi tunayefanya naye kazi, kanitumia tangazo la safari ya kikundi. Mbamba Bay, siku mbili, "hata ukiwa peke yako karibu". Anasema tangu msiba sijatoka. Ni kweli. Mama alifariki mwezi wa tatu. Miaka sita nimemuuguza kiharusi, namlisha, namgeuza kitandani. Likizo zote ziliishia chumbani kwake. Sasa nina likizo na sijui inatumikaje.

Watu wanadhani nina uchungu. Sina. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelipia safari. Sikutaka kwenda. Sikutaka kubaki pia. Nimelipa kwa simu nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 14 Juni. Mbamba Bay

Coaster imejaa watu wawili wawili. Mume na mke, marafiki, mabinamu. Kiongozi wetu ni Mwalimu Haule, mstaafu wa jiografia, anaeleza kila mlima tunaoupita. Mbinga tulishuka kunywa chai. Nilikunywa nimesimama.

Waliokuja peke yao tulikuwa wawili tu, hivyo tumepewa chumba kimoja. Mwenzangu anaitwa Otilia. Anakaa Mshangano, analima mahindi, anafuga nguruwe. Mjane. Kanizidi miaka kama kumi, nikamwita dada. Alianza kuongea kabla hajavua viatu. Akaniuliza nimemwacha nani nyumbani.

Nikasema mama.

Akauliza, hajambo? Nikasema hajambo, ila anaumwa, kiharusi. Maneno yalitoka yenyewe. Miaka sita nimejibu hivyo kila nilipokutana na mtu njiani. Akanipa pole ya kuuguza. Nikasema asante.

Haikuniuma hata kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Kila mtu anapiga picha za ziwa. Dada Otilia kanivuta hadi maji yakafika magotini. Ya baridi. Niliyahisi magotini, si kwingine.

Akauliza nani anamgeuza mama leo. Naye alimuuguza mumewe, anajua maswali. Nikasema binamu yangu kaja. Nikamzulia na jina: Asumpta. Jana ulimi uliteleza. Leo nimedanganya.

Kanunua usipa mkavu, dagaa wa ziwa hili, akaugawa mafungu mawili, moja lake, moja la mama. Anasema mgonjwa hupata hamu ya kula akionja supu yake. Nimepokea kwa mikono miwili. Njiani alisinzia begani kwangu. Sikusogea hadi Mbinga.

Jumatano, 18 Juni

Dada Otilia kapiga simu. Mama kaamkaje? Nikasema salama. Usipa nimekula mimi.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa tumekutana mjini, tumezunguka kwenye mitumba kutafuta sweta. Ananiita mdogo wangu mbele ya wauzaji. Tulikaa kunywa chai akaniambia jambo. Siku mumewe anakata roho, yeye alikuwa mashineni anasaga. Aliporudi na kumkuta vile, kitu cha kwanza alichosema ni "Asante Mungu". Hajamwambia mtu mwingine. Hata watoto wake.

Nafasi ilikuwa ile. Nilifungua mdomo. Nikasema pole.

Yeye ananipa siri nzito kuliko zote alizonazo. Mimi nampa Asumpta.

Jumamosi, 28 Juni

Anataka kuja kwangu Msamala kumsalimia mama. Wiki hii kaomba mara tatu. Jumanne nilisema mama hapendi wageni. Alhamisi nikasema anakohoa. Leo nikasema niko zamu. Sikuwa zamu. Nilikuwa nimekaa jikoni naangalia simu inavyowaka na kuzima.

Ni rafiki wa kwanza tangu nianze kuuguza. Namwogopa kama mwizi anavyoogopa hodi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeandika meseji ya kumweleza. Nimefuta. Nimeandika tena, fupi. Nimefuta. Dafrosa kauliza kama safari ile ilinipatia marafiki. Nikasema mmoja. Akafurahi. Nikarudi kwenye hadubini.

Jumapili, 6 Julai

Amekuja.

Saa nane mchana nilisikia hodi. Alikuwa na wanawake watatu wa jumuiya yake ya kanisani, rozari mikononi. Wamekuja kusali na mgonjwa. Mkubwa wao bibi mmoja anatembea kwa fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza chumba kiko wapi.

Ningeweza kusema amepelekwa hospitali. Niliona kabisa jinsi uongo huo ungekwenda. Nikachoka. Nikawafungulia mlango.

Kitanda kitupu. Godoro limekunjwa, limefungwa kamba. Dirisha wazi. Walisimama pale na rozari zao.

"Mama alifariki mwezi wa tatu," nikasema. "Kabla ya safari."

Dada Otilia aliangalia godoro muda mrefu.

"Jumamosi tatu nimemtaja kwenye jumuiya," akasema. "Watu wazima tumepiga magoti, tunamwombea apone."

Nilitaka kuomba samahani. Kilichotoka ni, "Karibuni chai."

Akatoka. Wenzake wawili wakamfuata. Bibi alibaki nyuma kidogo, akanishika mkono, akasema pole na msiba, mwanangu. Kisha naye akatoka. Nilisikia fimbo yake hadi barabarani.

Nimefunga dirisha.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Kazini tumefunga. Nimefua mashuka yote, hata yaliyokuwa safi. Hakuna simu.

Jumapili, 13 Julai

Nimempigia mara mbili. Hapokei. Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatano, 16 Julai

Baada ya kazi nimekwenda Mshangano. Nyumba yake nilielekezwa na mama mmoja muuza nyanya. Nilimkuta bandani anawamwagia nguruwe pumba. Hakusema karibu. Nikasema nilichokuwa nacho, nimesimama, kabla sijakimbia.

"Watu wote ninaowajua walikuja msibani. Hakuna wa kuniuliza tena mama hajambo. Wewe uliuliza. Nikataka abaki hai hata kwa mtu mmoja."

Alimaliza ndoo ya kwanza. Akachukua ya pili.

"Ungeniambia siku ile tunakunywa chai," akasema. "Mimi nilikuambia langu."

Nikasema ndiyo.

"Nenda, Winfrida. Nimesikia."

Kwa jina. Si mdogo wangu. Nimerudi kwa miguu, mwendo mrefu. Baridi ilikuwa inauma. Nikadhani ni ya upepo. Nyumbani nimevaa sweta na bado inauma.

Jumatano, 30 Julai

Mwalimu Haule katangaza safari nyingine, Umatengo, wikiendi ya Nanenane. Nimelipia. Sijui kama dada Otilia naye kalipia. Sijauliza.

Jumamosi, 9 Agosti. Mbinga

Hakuja.

Nimepangwa chumba na Subira, mwalimu wa chekechea kutoka Namtumbo. Safari yake ya kwanza peke yake. Aliongea kidogo sana, nikaona nianze mimi. Tulipanda mlima kuangalia mashamba ya ngoro, yale mashimo Wamatengo wanayochimba ili mvua isibebe udongo. Mwalimu Haule alieleza hadi akaishiwa pumzi. Tukiwa tumekaa kumsubiri apumzike, Subira akaniuliza kama wazazi wapo.

Nikasema baba alifariki zamani. Mama, mwezi wa tatu mwaka huu.

Akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Hilo sikulitegemea. Nikamwambia alikuwa mkali. Alikuwa anaweza kurudi sokoni kwa miguu kwa sababu ya nyanya moja iliyooza. Subira akacheka. Nami nikacheka. Ilikuwa fupi, kama chafya.

Jumapili, 10 Agosti

Tuko njiani kurudi. Naandika kwa shida, gari linarusha.

Tulipotoka Mbinga, meseji imeingia. Ya dada Otilia. Nilikaa nayo kwanza bila kuifungua. Inasema hivi: "Mdogo wangu, nimeomba misa ya marehemu, Jumamosi hii asubuhi. Padre anataka jina. Mama aliitwa nani?"

Nimeandika: Kreszensia. Nimerudia kulisoma kuona kama herufi ziko sawa. Kisha nikaongeza kwamba na mimi nitakuwepo.

Kajibu sawa.

Sikulia. Nilifungua dirisha. Upepo ulikuwa wa baridi sana, Subira akaniomba nifunge. Nikafunga.