Upande Wako wa Boti

Kaka Ambele,

Mashine ya kung'arishia imechemka tena, nimeizima ipoe, ndo maana nimekaa kwenye tairi la trela nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua. Vumilia.

Boti bado lipo. Lile la bluu la faiba, la yule Mzambia, lililokwama hapa yadi Tunduma likisubiri karatasi za mpakani. Karatasi zimetoka. Leo alasiri lori linalivuta, linavuka, linaenda ziwani kwao. Mama Sara wa chai bado anatutania, ila siku hizi ananitania peke yangu. "Nyie na boti lenu, hapa mtavua nini, matairi?" We ulikuwa unamjibu mpaka anamwaga chai kwa kucheka. Mimi natabasamu tu, nakunywa.

Upande wangu umeisha. Nimefanya kama ulivyonionyesha. Nimeosha kwa sabuni, nikapiga msasa laini na maji mpaka ule unga mweupe wa rangi iliyoliwa na jua ukaacha kutoka, nikapitisha kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, kwa mashine bila kuganda sehemu moja, rangi isiungue. Jana nikajiona uso kwenye bluu. Nimekonda, kaka. Mabega yanauma mpaka kulala nako ni kazi.

Shida ni upande wako.

Ulivyoumaliza, madereva walikuwa wanakuja kuchania nywele pale. Nikakuuliza, tupake waksi? Ukasema, "Waksi mwisho. Tutapaka boti zima siku moja, we huku mi kule." Kesho yake homa. Halafu hospitali. Halafu kukuzika kwenu Ibaba, ule ukungu, mama yako hata halii, ameshika tu jaketi lako lenye madoa ya kompaundi kama anatafuta mahali pa kuliweka.

Niliporudi jua lilishaanza kuula upande wako. Rangi imekaa wazi bila waksi, jua la hapa, vumbi la malori, we mwenyewe unajua. Sasa hivi ukipitisha kidole kinatoka cheupe.

Jana mwenye boti kaja. Kazunguka, kafika upande wako kasimama, kichwa anatikisa. "Awe, awe! Hapana! Boti moja, sura mbili?" Nikashindwa kumwambia. Ningeanzia wapi? Nikasema tu, kesho litakuwa tayari.

Nikawaza nipake waksi juu hivyohivyo. Leo lingeng'aa, likishavuka nani atanifuata? Lakini sauti yako nikaisikia kabisa: "Waksi juu ya unga ni kujipaka mafuta hujaoga." Nikafunga kopo.

Kwa hiyo lazima msasa upite. Na hapo ndo nachoka, kaka, siyo mabega. Maana we ulikuwa unatumia mkono wa kushoto. Jioni jua likishuka, ubavuni pale inaonekana mistari ya kitambaa chako, imelala kinyume na yangu yote. Hata picha yako kwenye simu haifanani na wewe kama ile mistari. Nikipitisha msasa ndo imeisha. Hakuna pengine ulipogusa ambapo mimi naweza kwenda kupaangalia.

Tangu alfajiri nazungukazunguka. Nimefuta vioo. Nimesugua vyuma ambavyo hakuna aliyeniambia nivisugue. Mashine yenyewe imechemka kwa sababu narudia upande wangu, ambao hauhitaji kitu. Mama Sara kaniona. Leo hakutania. Kaniletea chapati, kasema, "Kula, halafu malizia kazi ya mwenzio." Basi. Kaondoka.

Kweli ni kazi ya mwenzangu. We usingekubali boti livuke lina sura mbili, halafu huko waseme mafundi wa Tunduma ndo hivyo.

Nitaupiga msasa. Kompaundi nitapitisha. Ila waksi ya upande wako nitapaka kwa mkono wa kushoto. Nitachelewa, nitachafua, lakini mistari italala kama ulivyoilaza. Na nakuahidi kitu kingine: kuanzia leo kila upande ninaomaliza naupaka waksi hapohapo. Sisubiri tena siku ya boti zima.

Viazi vikishavunwa nitapanda Ibaba nikamwone mama. Pumzika, kaka yangu.

Acha niende. Upande wako bado uko kivulini, ila jua limeshafika juu ya boti. Jua likivuka tu upande huo, kompaundi itakaukia pale kabla sijaifuta.

Mdogo wako,
Daudi