Filta Niliyoisahau

Jumanne, 10 Juni 2025
Baridi ya Mbulu haina adabu, vidole vimekufa ganzi! Lakini nimemaliza. Kumbukumbu zote za wagonjwa nimezihamishia kompyuta mpya. Sista Efrazia kanisifu mbele ya watu wa wodi nzima. Ile ya zamani Patriki, fundi wetu, kaondoka nayo kwenda Dongobesh. Ataifuta, ipelekwe shule.

Jumatano, 11 Juni
Mungu wangu. Jedwali la mzio — lile linalosema nani anadhurika na dawa gani — lipo jina tu. Ndani tupu!

Ni filta. Wiki iliyopita majedwali yalikuwa mengi, yananichosha macho. Nikaweka filta, nisiyoyagusa yasionekane. La mzio ni la manesi, nikalificha. Nikasahau kuitoa. Programu imehamisha yanayoonekana tu. Sasa kila mgonjwa kompyuta inasema hana mzio. Kila mmoja!

Patriki hapatikani. Sijamwambia mtu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, nikisema nimekwisha. Naogopa.

Alhamisi, 12 Juni
Patriki kapatikana. Ameshafuta. Kasema kwa furaha, kama anasubiri asante. Nakala nyingine? Hakuna.

Nimepita wodini nikijifanya nakagua nyaya. Mzee Akonaay, kitanda cha dirishani, nikampa shikamoo. Marahaba, mbona umekonda ghafla, nani kakukataa? Nikacheka. Baba naye kapiga kutoka Kasulu, nikasema niko salama. Mwongo mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimesema!

Wameleta mama kutoka Bashay, aliwahi kutibiwa hapa, mguu umeoza, homa kali, hajitambui. Majirani waliomleta hawajui chochote. Sista Efrazia kashika sindano. Penisilini, kasema, kompyuta inaonyesha hana mzio. Mdomo ukafunguka wenyewe — Sista, usimchome!

Daktari Renatus akauliza kwa nini. Nikaeleza yote palepale, filta na kila kitu. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Akaagiza dawa nyingine, akavua miwani, akaniuliza taratibu: Mectilda, tangu Jumanne tumewachoma wangapi kwa kuiamini hiyo kompyuta?

Sijui. Kweli sijui! Siku mbili nzima nilikuwa nawaza mkataba.

Kanituma wodini nipite kitanda kwa kitanda, nimwulize kila mgonjwa mwenyewe. Wa kwanza, hana mzio. Wa pili hana. Wa tatu kasema penisilini iliwahi kumvimbisha koo, ila hapa hajachomwa bado. Nilimshika mkono, akanishangaa.

Halafu dirishani. Kitanda kitupu. Shuka limetolewa, godoro limekunjwa. Kikombe cha Mzee Akonaay bado kipo pale chini.

Huenda karuhusiwa. Watu huruhusiwa Ijumaa. Nimekaa kwenye benchi hapa nje, naandika. Sista Efrazia namwona mlangoni, anafuta macho au anafuta miwani, sijui. Sasa anakuja huku.