Kangaga Alilolifuata Nyaga

Dada Wawira,

Nakusalimu, ingawa najua salamu zangu hazikuingii vizuri siku hizi. Mgongo wa Mama unaendeleaje na hii baridi ya Julai? Na wewe, unakula? Mimi mwili hauna shida. Tangu mazishi nimekupigia simu na hushiki, na sikulaumu. Ndiyo sababu naandika. Naomba usome ukiwa peke yako.

Unajua kazi yangu huku chuoni ng'ambo ni makangaga, ile mimea isiyotoa ua wala mbegu, inayozaa kwa vumbi lililo chini ya jani. Tunalinganisha majani na kusoma vinasaba, ili tujue lipi ni ndugu ya lipi. Marehemu Nyaga alikuwa akinicheka: "Shemeji, shule yote hiyo ni ya kusomea kitu mbuzi wanakataa?" Lakini ni yeye aliyenipeleka msituni juu ya mashamba ya majani chai kila nilipokuja likizo. Ni yeye aliyeliona lile dogo, likining'inia kwa mwamba kando ya maporomoko. Sikulifikia, nikapiga picha tu. Nimeiangalia picha hiyo mwaka mzima, mpaka nikaamini ni aina ambayo hakuna mtu amewahi kuipa jina.

Aprili nilimpigia. Nataka ujue tulivyosemezana, kwa maana wewe ulisikia upande wake tu.

"Mvua ni kubwa, Njue," aliniambia. "Ule mwamba unateleza kama sabuni. Wacha ipungue."

"Mpaka lini?"

"Juni hivi."

"Juni nitakuwa nimefutwa. Profesa anataka huo mmea mwezi huu, ama nirudi nyumbani."

"Basi nitaenda Jumamosi, nikishapeleka majani chai."

Dada, profesa hakusema hivyo. Alisema nilete wakati wowote kabla ya mwaka kuisha. Nilidanganya. Kulikuwa na mtafiti wa chuo kingine anayeandika juu ya makangaga ya mlima wetu, nikaogopa atanitangulia kulipa jina. Ni hivyo tu. Kazi yangu haikuwa hatarini. Mume wako alipanda mwamba uliolowa kwa sababu mimi nilitaka kuwa wa kwanza.

Walipomtoa mtoni chini ya maporomoko, mfuko wa majani ulikuwa bado shingoni mwake. Wewe ukayakausha yale majani katikati ya magazeti kama alivyokuonyesha, na wiki moja baada ya kumzika ukanitumia. Ukaandika, "Hii ndiyo kazi yake ya mwisho. Isipotee." Nilikaa na hilo furushi siku tatu kabla ya kulifungua.

Majibu ya vinasaba yalitoka Jumanne. Si aina mpya. Ni kangaga la kawaida, lina jina tangu zamani, linamea hata kando ya barabara ya kwenda Meru. Pale mwambani lilikuwa limedumaa kwa kukosa jua. Profesa akasema, "Hutokea," akaniambia nilitupe, kabati zimejaa ya aina hiyo. Tulizozana mpaka watu wa ofisi ya pili wakaja mlangoni. Sikulitupa. Nimeligundisha kwa karatasi, na pale panapoandikwa aliyechuma nimeandika jina la Nyaga, la baba yake, na la kijiji chenu, Kianjokoma. Sikuambii haya ili ufarijike. Karatasi haiwezi kukuwashia jiko asubuhi.

Kuhusu kutokuja kwangu mazishini, pasipoti kweli ilikuwa kwa watu wa uhamiaji. Hilo sikudanganya. Lakini nilifurahi kuwa na sababu.

Mkataba wangu unaisha Novemba na sitauongeza. Nikifika nitakuja kwako kabla ya kwenda kwa Mama. Wazee wa kwao Nyaga nitawaambia mwenyewe, huo mzigo usiubebe. Ukisema nisiingie, nitabaki kwa gate, na kesho yake nitarudi.

Nisalimie Mama, mwambie tu niko mzima. Msalimie mama mkwe wako, ambaye siku zote alinipakulia githeri kabla ya watoto wake.

Muthoni wako aliniandikia akiwa shuleni. Anasema amewaambia wenzake darasani kuwa baba yake alikufa akitafuta mmea mpya, na mwalimu anataka kujua umepewa jina gani. Ni wiki ya pili sasa. Sijamjibu.

Mdogo wako,
Njue