Vikopo vya Wifi

Jumapili, 9 Machi

Tumepanda meli. Zawadi, wanasema. Mdogo wangu kalipia kila kitu — yeye na mkewe wana chumba chenye roshani, mimi nina dirisha linalotazama tumbo la mashua ya kuokolea watu. Nikiinama naona bahari upana wa kiganja, na kipande cha ngazi ya kushukia. Mpewa hachagui. Ila mimi sikuomba.

Tangu mama afariki nimemlea mimi, nimemsomesha kwa mkate. Leo ananiambia, Dada, pumzika, umechoka. Nani kamwambia? Anayewasha tanuri alfajiri ni mimi au yeye?

Wifi kafurahi kupita kiasi. Ana mchezo wake wa kila bandari: watu duniani wanaficha vikopo, wanaweka namba za mahali kwenye simu, wengine wanavisaka. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kikaratasi, unakirudisha palepale. Basi. Huchukui kitu! Nikamuuliza, faida yake? Akacheka: "Wifi, na wewe! Kwani kila kitu ni biashara?" Huko mchezoni ati anaitwa Malkia wa Vichaka.

Jumanne, 11 Machi

Bandari ya kwanza. Mdogo wangu kabaki kwenye bwawa la kuogelea, tumbo juu. Wifi kaniburuta mimi. Tukafika bustani moja, akawa anazunguka benchi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anafuata mshale wa simu, na mshale unayumba. Nikamwambia lete hapa. Namba ni namba, nimepima unga maisha yangu yote. Nikatembea nikitazama tarakimu zinavyogeuka: ile ya nne baada ya nukta ni kama hatua kumi na tano. Benchi halikuhusika kabisa! Kilikuwa nyuma ya bomba la maji ya mvua, kikopo cha sumaku, kidogo kama cha pipi.

Alinikumbatia mbele za watu. Akaniandika kikaratasini kwa jina langu la kazini, Mama Mikate. Tulicheka mpaka mlinzi wa bustani akaja kuona kulikoni. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Mezani akanisifu kwa mumewe: dada yako ana kompyuta kichwani. Mumewe akatazama sahani. Akaendelea kuitazama.

Kuna kitu.

Jumatano, 12 Machi

Baharini kutwa. Simu yangu haishiki huku; nimemwomba mdogo wangu yake nipige kazini. Ati mtandao wa meli umekata. Jana alitazama mpira nao.

Wananyamaza nikikaa.

Alhamisi, 13 Machi

Bandari ya pili. Nimesingizia kichwa ili waniache, nikashuka peke yangu, nikanunua laini, nikampigia fundi wangu wa tanuri.

Hakunisalimia. Alinipa pole. Ati wameambiwa nimestaafu kwa sababu ya afya. Afya gani? Akarukia jingine: "Mama, lile dogo wamelivunja Jumatatu. Mimi nilidhani unajua."

Tanuri dogo! Nililijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, mia mbili na kumi na sita, nikilala pembeni yake maana sikuwa na pengine pa kulala. Mkate wa kwanza ulitoka mle. Shule ya mdogo wangu ilitoka mle. Nikauliza nani kaagiza. Wifi yako, mama — zinakuja mashine za umeme, kutakuwa na kaunta ya keki, bosi mdogo, ndugu yako, karidhia.

Kumbe ndiyo maana ya bahari. Waliniweka mahali ambapo siwezi kuteremka nikawashika mkono.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe niliishona mimi.

Nimerudi. Nimekula. Wifi akauliza kichwa vipi, nikasema kimepoa. Kesho ana kikopo kigumu, waliokipata ni wa kuhesabu. Twende, wifi? Nikamwambia twende.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika vipande vipande.

Mwisho wa kupanda, saa kumi na nusu. Kuondoka, saa kumi na moja. Meli haimsubiri mtu — walitangaza asubuhi kwa lugha nne.

Teksi ilitufikisha mwisho wa lami. Halafu kijia, juu, juu, mimi nikisoma namba kwenye simu yake. Kileleni kuna tangi la zamani la maji, la zege, limezama ardhini, kavu, mdomo wake upana wa meza. Hakuna nyumba. Upepo tu. Wifi alikuwa anaimba. Akamulika, akakiona kikopo chini kabisa pembeni, akaanza kuteremka ngazi ya chuma. Nikamwambia ina kutu. Nilimwambia! Akasema, wifi acha uzee.

Ngazi iling'oka kabla hajafika chini. Ikaanguka naye, ikavunjika vipande. Kishindo, vumbi — halafu kicheko. Mzima. Kifundo cha mguu tu. Kuta laini, kimo cha watu wawili na zaidi. Akachechemea, akafungua kikopo, akaandika, akaninyanyulia kikaratasi: "Tumekipata! Nimekuandika wa kwanza!"

Hapo ndipo nilipomuuliza habari za tanuri.

Kicheko kilikatika. Akasema lilikuwa bovu. Akasema wangeniambia tukirudi. Akasema, "Wifi, tutagombana huko juu, nitoe kwanza." Simu yake kule chini haishiki. Yangu niliiacha chumbani.

Nikamwambia naita watu. Na nilikusudia hivyo. Hapa namdanganya nani?

Dereva wa teksi akauliza, na yule mwingine? Nikasema anarudi kwa miguu. Neno lilitoka lenyewe, kama mate. Getini nikasimama mbele ya mlinzi wa bandari, nikafungua mdomo — nikamuuliza choo kiko wapi.

Mdogo wangu alikuwa palepale bwawani. Akauliza, mke wangu yuko wapi? "Nyuma," nikamwambia.

Sasa saa kumi na nusu imepita. Wametangaza namba ya chumba chake mara tatu, kwa sauti ile ile tamu ya kutangazia chakula. Dirishani naona vijana wawili wanakunja turubai la ngazi. Ngazi bado ipo.

Atakuwa anaita. Mle sauti inazunguka; nikiteremka niliisikia mpaka kona ya kwanza. Hakuwa akiita wifi tena. Alikuwa akiita dada.

Nilidhani nitaona raha. Nikifumba macho naona tangi.

Mdogo wangu anagonga. "Dada, mliachana wapi?" Anagonga tena. "Dada, unalala? Mwenzako hajarudi!"

Nikisema, nitawaeleza nini kuhusu saa hizi mbili? Nisiposema — usiku mle ndani ni baridi. Na wanaokwenda kule ni wa kuhesabu, alisema mwenyewe.

Ameacha kugonga. Halafu, karibu kabisa na mlango, taratibu: "Mimi nashuka, Dada. Meli na iende."

Huyu! Niliyemwamsha kwa maji usoni mpaka kidato cha nne! Hajui njia. Hajui hata upande. Mji mzima ule, na yeye na kandambili zake za bwawani. Namba za mahali ninazo mimi, kichwani, zote, mpaka tarakimu ya mwisho baada ya nukta. Ukikosea moja tu uko kilima kingine.

Nyayo zake zinaelekea kwenye lifti.

Turubai limeshafungwa. Kijana mmoja ameshika mnyororo wa ngazi, anatazama saa.

Lifti imelia. Nimesimama. Naandika nimesimama.